Ikulu Ni ya Nani?

Kuna nyumba ya mtu, na kuna nyumba ya watu. Nyumba ya mtu ina mwenyewe: ameijenga kwa jasho lake, huufunga mlango wake apendapo, wala hana wajibu wa kumweleza jirani bei ya mapazia yake. Nyumba ya watu imejengwa kwa fedha za wengi, na yule alalaye ndani yake ni mpangaji wa muda, hata kama mpangaji huyo ni Rais wa nchi. Tofauti hii ni nyepesi kuisema, lakini ni nzito kuishika. Na taifa liisahaulo hulipa gharama kubwa. Nia ya insha hii ni kuitetea tofauti hiyo, na kuwapinga wale ambao, kwa kujua au kwa kutojua, wanafundisha kinyume chake.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Mwaka mmoja niliwapa wanachuo wangu, ambao wengi wao walizaliwa Kitengela, Isinya, Kajiado na Namanga, swali fupi walijibu kwa sentensi moja: Ikulu ni ya nani? Walio wengi waliandika kuwa ni ya Rais. Wachache waliandika kuwa ni ya Serikali. Mmoja tu aliandika kuwa ni yetu, na wenzake wakamcheka. Kicheko kile ndicho ninachokijibu hapa. Wale waliocheka wangekuwa walimu baada ya muda mfupi. Na mwalimu akiisha kuamini kwamba nyumba ya umma ni ya mkubwa, watoto arobaini wataamini pamoja naye kabla ya kengele ya mchana.

Tuanze na neno lenyewe. Ikulu ni neno lililotoka bara, kwa Wanyamwezi, ambako lilikuwa jina la makao ya mtemi. Kiswahili kililipokea, kikalipa kazi ya kutaja makao rasmi ya mkuu wa nchi. Basi neno ni letu. Lakini jumba lenyewe la Nairobi, lililopewa neno hilo, halikujengwa kwa ajili yetu. Lilianza mwaka 1907, likiwa makao ya Gavana wa Kiingereza, juu ya kilima katika mji ambao hata jina lake limetoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji ya baridi. Mchoro wa jumba tulijualo leo ulikuwa wa Herbert Baker, fundi mashuhuri ambaye pia alichora majengo makuu ya serikali ya Pretoria. Fundi huyo aliijua kazi yake. Nguzo ndefu, kuta nyeupe na bustani pana hazikuwekwa ili Gavana apate usingizi mzuri tu. Ziliwekwa ili mtu atazamaye kutoka bondeni ajione mdogo.

Na ni nani aliyekuwa bondeni? Ni mtu aliyetozwa kodi ya kibanda. Tangu miaka ya kwanza ya karne ya ishirini, serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda vya wenyeji na kumtoza kodi kila mwenye kibanda. Litafakarini jambo hili kwa makini. Mwenye nyumba ya udongo alilipa kwa sababu ya nyumba yake, na Gavana akakaa katika nyumba ya mawe bila ya kulipa. Udongo uliyalisha mawe. Wala aliyelipa hakuwa na kura ya kumchagua Gavana, wala mlango wa kumuuliza fedha zilikwenda wapi.

Sisi wa Kajiado tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka nyumba ile ya kilimani. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliambiwa kwamba mpango huo ungedumu. Haikupita hata miaka kumi. Mwaka 1911, wakati wa Gavana Percy Girouard, ulitiwa sahihi mkataba wa pili, na wale wa Laikipia nao wakahamishwa kuja kusini, pamoja na ng'ombe na kondoo wao, katika nchi ambayo leo ni Kajiado na Narok. Mwaka 1913 walikwenda mahakamani wakiongozwa na ole Njogo. Mahakama ikasema haiwezi kuwasikiliza, kwa kuwa mikataba ile ilikuwa kama mapatano baina ya mataifa mawili. Ajabu ya dunia! Watu hawa walitendewa kama raia wa kutawaliwa siku ya kutoa kodi, wakaitwa taifa la kigeni siku ile walipodai haki. Ndivyo ilivyo serikali ambayo nyumba yake ni ya mtawala peke yake. Maneno hutoka ndani kwenda nje, na hakuna neno litokalo nje likaingia ndani.

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilibadilika. Jumba likapata jina jipya, na Mwafrika akaingia kwa mlango wa mbele. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Walakini jambo moja halikubadilika upesi, nalo ni fikira. Tuliona kwamba aliyemo ndani sasa ni mwenzetu, tukadhani hiyo yatosha. Tulisahau kuuliza kama na sisi tumeingia pamoja naye.

Wako watakaosema: "Wakubwa wetu wengine hata hawakulala Ikulu." Ni kweli. Rais Jomo Kenyatta alipendelea nyumba yake ya Gatundu, na Rais Daniel arap Moi alikuwa na nyumba yake ya Kabarak. Mwai Kibaki, aliyeongoza tangu mwishoni mwa 2002 hadi 2013, ndiye aliyeifanya Ikulu kuwa makao yake hasa. Lakini ni nini kilichotokea Gatundu na Kabarak? Wajumbe walifunga safari kutoka kila upande wa nchi, na ngoma zao, na zawadi zao, na maombi yao ya barabara na shule. Mtu akienda kuomba barabara nyumbani kwa mtu, huenda kama mgeni. Na mgeni hana sauti, hushukuru kwa kile apewacho. Barabara iliyokuwa haki yake humrudia ikiwa hisani. Kwa hiyo simsifu kiongozi kwa sababu tu ya kulala kwake. Ni afadhali makao ya umma yenye daftari kuliko makao ya mtu yasiyo na daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa natuwasikilize wapinzani wetu, maana si haki kumpiga mtu aliyefungwa mdomo. Wana hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni heshima. Wanasema kwamba Rais ni uso wa taifa, na uso haufai kuwekwa katika nyumba duni, maana mataifa mengine yatatudharau. Hoja hii ina sura nzuri, lakini nyumba njema si mlango, natuingie ndani. Kama jumba la fahari lingekuwa ngao ya heshima, Unguja ingekuwa shahidi wake wa kwanza. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit el-Ajaib, jumba la kustaajabisha kama jina lake, likiutazama mji na bahari. Haikupita miaka kumi na mitano. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la mfalme lililokuwa jirani yake, na muda usiotimia saa moja vita vikaisha na mfalme akakimbia. Na Beit el-Ajaib lenyewe sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mawe hayakumpa Sultani uhuru, wala hayakujiweza yenyewe.

Tazameni na upande wa pili. Julius Nyerere aliongoza nchi jirani ya Tanzania kwa zaidi ya miaka ishirini. Ikulu ya Dar es Salaam, iliyojengwa upya na Waingereza juu ya makao ya magavana wa Kijerumani, ilikuwa mkononi mwake. Naye akaenda kukaa katika nyumba yake ya Msasani. Mwaka 1985 akang'atuka, akarudi Butiama kijijini. Na mwaka 1995 aliwaambia Watanzania kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, si pango la kufanyia biashara. Ni nani katika Afrika aliyemdharau Nyerere kwa sababu ya nyumba yake? Na mbali, katika nchi ya Uruguay ya Amerika ya Kusini, José Mujica alikuwa Rais kuanzia 2010 hadi 2015, akakataa kuhamia katika makao ya fahari, akabaki katika shamba lake dogo nje ya mji wa Montevideo. Heshima yake ilivuka bahari kwa sababu hiyohiyo. Basi heshima hufuata tabia ya mtu kuliko dari iliyo juu ya kichwa chake.

Wala hatuna haja ya kwenda Amerika kulitafuta funzo hili. Lipo hapa Kajiado. Kiongozi wa rika la Wamaasai, aitwaye olaiguenani, huchaguliwa na kukabidhiwa rungu jeusi liwe alama ya dhamana yake. Hajengewi jumba. Hulala bomani kama wenzake, katika nyumba iliyojengwa kwa mikono ya wanawake, kwa fito, udongo na samadi. Atakapo kusema neno la watu, hulisema mbele ya watu, chini ya mti, na mti hauna lango wala mlinzi. Mtu atakayeniambia kwamba Mwafrika hamheshimu kiongozi asiye na jumba, huyo hajapata kukaa chini ya mti ule.

Hoja ya pili ni ulinzi. Wanasema Rais ana adui wengi, na lazima alindwe. Hapa sibishani nao. Ulinzi ni lazima, na kuta ni lazima, na askari ni lazima. Lakini ukuta uliowekwa kuzuia risasi usitumiwe kuzuia hesabu. Mahali asimamapo mlinzi usiku ni siri ya ulinzi. Bei ya zulia si siri ya ulinzi. Kila mara neno "siri" linapoandikwa mbele ya fungu la fedha za umma, mwananchi ana haki ya kuuliza siri hiyo inamficha nani, na inamficha kwa nani.

Hoja ya tatu ni wageni. Wanasema Ikulu hupokea wafalme na marais, na sisi Waafrika tunajua kumkirimu mgeni. Naam, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika kila boma lenye adabu, mgeni anapochinjiwa, mwenye mbuzi hujua kwamba mbuzi wake amechinjwa. Ukarimu wa kuchinja mbuzi wa jirani usiku, kisha kumnyima jirani hata harufu ya nyama, una jina jingine katika Kiswahili, nalo si ukarimu.

Baada ya hoja hizo tatu husikika kauli ya mwisho, ambayo si hoja bali ni usingizi: "Hayo ni mambo madogo katika bajeti ya nchi nzima." Yangekuwa madogo kama yangekuwa peke yake. Lakini mwenendo wa mkubwa ni somo la wadogo. Nchi hii ina Ikulu ya Nairobi, ya Mombasa na ya Nakuru, na juu yake Ikulu ndogo kadha wa kadha, kama zile za Eldoret, Kakamega na Sagana. Hiyo ya Sagana ilikuwa zawadi ya arusi aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na serikali ya koloni la Kenya. Naye alikuwa huko Februari 1952 alipopata habari kwamba baba yake amefariki na yeye amekuwa Malkia. Na tangu kaunti 47 zilipoanza mwaka 2013, tumejifunza kuzaa ikulu nyingine. Mwaka 2019 Tume ya Mishahara na Marupurupu iliweka kikomo: nyumba rasmi ya gavana isizidi shilingi milioni 45. Tume ilifanya vema kuweka kikomo, maana mto usio na kingo hufurika. Lakini kikomo nacho kina hesabu yake.

Chukueni kalamu, tuifanye hesabu hiyo kama wanafunzi. Sihesabu alichotumia gavana yeyote, nahesabu kilichoruhusiwa. Shilingi milioni 45 mara 47 ni shilingi bilioni 2 na milioni 115. Sasa tazameni upande wenu. Kuanzia mwaka 2018 Serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya sekondari ya kutwa. Gawanyeni milioni 45 kwa kiwango hicho: mtapata wanafunzi 2,023. Nyumba moja ya mtu mmoja ina thamani ya mwaka mzima wa masomo ya vijana elfu mbili na zaidi. Nyumba 47 zina thamani ya mwaka mmoja wa vijana zaidi ya 95,000. Sisemi kwamba gavana alale njiani. Nasema kwamba gavana alikuwa na nyumba alipoomba kura. Na kama kura haikumbomolea nyumba, kwa nini imjengee nyingine?

Mtu akaaye Kitengela anaielewa hesabu hii kuliko profesa. Zamani uwanda ule ulikuwa njia ya punda milia na nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, na malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Leo ni mji wa maghorofa kando ya barabara ya Namanga, na katika maghorofa mengi mfereji ni pambo la ukutani. Maji huja kwa lori, au kwa mkokoteni uliopangwa mitungi ya manjano, na maskini huyanunua kwa mtungi. Na huko mbele, kutoka Kajiado hadi mipakani, ukame uliomalizika mwaka 2023 uliacha mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, na wazee waliokuwa matajiri wakawa wachungaji wasio na cha kuchunga. Kutoka Kitengela hadi kilima cha Ikulu ni mwendo wa kilomita thelathini hivi. Bustani ya kule hunyweshwa, na mtungi wa huku hununuliwa. Mwenye kuona mambo haya mawili asiyaunganishe, huyo amesoma lakini hakuelimika.

Je, kuuliza kunafaa kitu? Wako wakatao tamaa, wasemao kwamba maswali ya wadogo hayafiki juu. Historia ya juzi inawakanusha. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walitoka kuupinga Mswada wa Fedha, na Kitengela ulikuwa mmoja wa miji iliyotoka. Wengine walipoteza maisha yao, na msiba wao haupimwi kwa maneno ya insha. Barabara za kwenda Ikulu zilifungwa na polisi. Lakini tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hataupitisha Mswada. Na tarehe 5 Julai akatangaza kuondoa mafungu ya ofisi ya mke wa Rais na ya mke wa Naibu wa Rais, pamoja na mafungu ya siri katika ofisi kuu, yake mwenyewe ikiwamo. Basi nauliza, nanyi ulizeni pamoja nami: kama fungu la fedha liliweza kufutwa kwa hotuba moja, lilikuwa la lazima kwa nani siku zote lilipokuwapo? Na kwa nini swali hili liulizwe kwa damu, ilhali lingeweza kuulizwa kwa karatasi?

Maana sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 73, yasema kwamba mamlaka ya ofisa wa Dola ni dhamana ya umma, na kwamba amepewa wajibu wa kuwatumikia watu, wala hakupewa uwezo wa kuwatawala. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Urais una mipaka ya miaka mitano mitano, na mtu hachaguliwi zaidi ya mara mbili. Mpangaji gani huyo ambaye muda wake umeandikwa, wajibu wake umeandikwa, na haki ya mwenye nyumba kuuliza imeandikwa, kisha mwenye nyumba aogope kubisha hodi?

Vijana, ninyi hamna kura bado, lakini mna shule, na shule ni nchi ndogo. Anzeni humo. Kiranja akipewa ufunguo wa bwalo, mfundisheni kwamba amepewa ufunguo, hakupewa bwalo. Mweka hazina wa chama chenu asimame kila muhula aseme kilichoingia na kilichotoka, na asiyeuliza aonekane mvivu, si mwenye adabu. Mwalimu akiwaandikia ubaoni kwamba Ikulu ni ya Rais, inueni mkono kwa heshima, mwambieni kwamba Rais anakaa humo. Kukaa na kumiliki ni vitenzi viwili. Mtu aliyevijua vyema katika darasa la Kiswahili hatavichanganya siku atakapopiga kura, wala siku ile ambapo yeye mwenyewe, Mungu akipenda, atakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya watu.